Jina la Dada Kwenye Mfumo

Najua kurasa hizi ni za mashairi na hadithi za mapenzi, na najua mhariri atakuna kichwa akiona mtu analeta habari za kompyuta ya ghala la kahawa. Aniwie radhi. Wenzangu mnaandika juu ya Dar na taa zake. Leo niacheni mimi niandike juu ya Kyerwa, na juu ya jina la mtu. Maana mali ya kwanza ya mwandishi ni jina. Shairi lako likichapwa hapa chini ya jina la jirani yako, utakunja ngumi. Sasa fikiria, ndugu msomaji, kwamba kilichochapwa si shairi, ni deni la magunia ya kahawa, na jina lililoko chini yake ni lako.

Kyerwa wengi wenu hamuijui. Mpaka mwaka 2012 ilikuwa upande mmoja wa Karagwe, kisha ikakatwa, ikawa wilaya yenye ofisi zake na mhuri wake. Ukitoka Bukoba unafika Kyaka, kando ya mto Kagera, penye daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, unapanda mpaka Kayanga, unapita Omurushaka, halafu unaishika barabara ya kwenda Murongo, mpakani mwa Uganda. Safari yangu mimi, msimu wa kahawa wa mwaka 2021, sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa vumbi jekundu. Nilifika Nkwenda nikiwa rangi ya tofali. Nilikuwa na begi, kompyuta ndogo ya mkononi, na diploma ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

Nilikuwa nimeitwa na chama kimoja cha wakulima, jina lake naliacha. Kazi niliyoambiwa kwa simu ilikuwa nyepesi: "Mfumo unatutupa nje. Njoo utengeneze." Kwa sauti ya meneja ungedhani mfumo ni mlevi mmoja pale mlangoni.

Kwanza nieleze kompyuta zenyewe zilivyokaa. Chama kilikuwa na mashine moja kubwa, yaani seva, imefungiwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya meneja, na betri zake pembeni kwa sababu umeme wa huku una tabia zake. Mbele, kwenye ofisi na kule mizani, kulikuwa na skrini nne. Hizo skrini hazina akili yao wenyewe. Kila mtu akikaa mbele ya skrini yake, kwa kweli anaingia kwenye mashine ile ile moja ya nyuma, anafanya kazi humo, kisha anatoka. Watu wanne ndani ya kompyuta moja kwa wakati mmoja. (Wengine husema tarakilishi, wengine ngamizi. Kule mizani wanasema mashine, na nimeona wanaelewana kuliko sisi.)

Huo mpango si mbaya. Kwa chama chenye fedha za kuhesabu kwa vidole ni mpango wa busara, kwa sababu programu ya mahesabu unaiweka mahali pamoja, na hifadhidata yenye kilo za wakulima inakaa mahali pamoja. Tatizo lilikuwa kwenye njia inayotoka kwenye programu kwenda kwenye hifadhidata.

Hapa naomba uvumilivu kidogo. Programu haijui yenyewe data iko wapi. Inabidi ioneshwe. Kwenye Windows kuna utaratibu wa miaka mingi, uliotoka mwaka 1992, unaitwa ODBC. Ni kama kitabu cha maelekezo: ukitafuta kahawa, nenda seva fulani, hifadhidata fulani, pita na dereva fulani. Ukikifungua kitabu hicho unakuta kurasa kadhaa. Ukurasa wa kwanza kabisa, unaofunguka wenyewe, umeandikwa User DSN. Wa pili umeandikwa System DSN. Mafundi wengi wenye haraka huandika kwenye ukurasa wa kwanza kwa kuwa ndio uliofunguka, na kwa kuwa hauulizi ruhusa ya msimamizi wa mashine. Wa pili unauliza.

Tofauti yake watu wa Kagera tunaweza kuielewa upesi kuliko watu wa mjini. Sisi tuna kibanja na tuna rweya. Kibanja ni shamba la mtu: migomba yake, kahawa yake, makaburi ya wazee wake. Rweya ni nyasi za wazi, anachunga yeyote. Njia iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza imepita ndani ya kibanja cha mtu mmoja. Inahifadhiwa kwenye faili la huyo mtu tu, linaitwa NTUSER.DAT, limo ndani ya folda yake, na linafunguka akiingia yeye. Mwingine akiingia kwa jina lake, haioni njia. Programu inamjibu kwamba chanzo cha data hakikuonekana, inamtupia na alama IM002, basi. Njia ya ukurasa wa pili iko kwenye rweya, inaandikwa kwenye kumbukumbu za mashine nzima, na kila anayeingia anaikuta.

Fundi aliyetangulia, ambaye simfahamu wala sitaki kumfahamu, aliandika njia ile kwenye kibanja cha dada mmoja karani. Labda siku hiyo dada ndiye aliyekuwa ofisini. Fundi akajaribu, ikafungua, akapewa chai na nauli, akaondoka.

Basi kilichofuata ni kile ambacho kingefuatwa na binadamu yeyote mwenye kazi mbele yake. Karani wa mizani akaingia kwa jina lake, akapata IM002. Mtunza ghala vilevile. Meneja vilevile. Dada akiingia, inafunguka. Wakafikia hitimisho kwamba jina la dada lina bahati. Neno lake la siri likaandikwa nyuma ya kalenda ya benki iliyoning'inia pale ukutani, kwa kalamu ya bluu, na toka siku hiyo ofisi nzima ikawa dada.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimesimama mbele ya kalenda ile. Kisha yule dada akaniambia, bila kunitazama, "Kaka, usicheke. Mimi wananidai magunia kumi na saba."

Sikiliza ilivyokuwa. Mkulima anakuja na kahawa yake ya maganda. Inapimwa, karani anaandika kilo kwenye mfumo, stakabadhi inatoka, mkulima anaondoka na karatasi na kuisubiri fedha yake. Kila mstari unaoingia kwenye hifadhidata unabeba jina la aliyeingia kwenye Windows wakati ule. Programu haimuulizi mtu "wewe nani?" mara ya pili, inachukua jina lililoko mlangoni. Kwa hiyo kwenye mfumo wa chama kile, kahawa yote ya msimu mzima, na ya msimu uliotangulia, ilipokelewa na mtu mmoja. Mchana na jioni, Jumamosi na Jumapili, mizani na ghalani kwa pamoja. Mwisho wa hesabu, kilo za kwenye mfumo zilizidi kilo za ghalani. Zilizidi kwa magunia kumi na saba. Nani alipokea? Jina moja tu lilikuwepo.

Na Kyerwa upungufu wa kahawa hauulizwi kwa upole. Mpaka uko karibu, na kila mtu anajua kahawa inavyoweza kuvuka mto usiku ikauzwa Uganda. Kuna magendo, kuna butura, ile ya kumuuzia mtu kahawa ikiwa bado juu ya mti kwa bei ya njaa. Mkulima wa huku ameibiwa na watu wengi, wenye suti na wasio na viatu. Ukimwambia kahawa imepungua, swali lake la kwanza ni "imepita wapi?" Watu walikuwa wameanza kumsalimia dada yule kwa mbali. Mume wake alikuwa ameulizwa maswali kwenye kilabu.

Nikamuomba anieleze siku zake. Hapo ndipo nilipojua kwamba kati ya miezi ile yeye alikuwa kwenye likizo ya uzazi, zile siku 84 za kisheria. Alikuwa amejifungua. Akiwa bado kitandani wodini alipigiwa simu na ofisi: kalenda imebadilishwa, mwaka mpya umeingia, ile yenye neno la siri imetupwa, tafadhali tukumbushe. Akawakumbusha. Ungefanyaje? Foleni ya wakulima iko mlangoni na mvua inanyemelea.

Nilikaa kwenye kile chumba cha nyuma siku mbili. Jambo lililonishangaza halikuwa magendo wala wizi. Windows ya namna ile, ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, inamruhusu jina moja kukaa ndani mara moja tu. Jina hilo hilo likiingia kutoka skrini ya pili, mashine haifungui chumba kipya. Inamtoa aliyekuwemo na kumkabidhi mgeni chumba kile kile, na kila kilichokuwa wazi mezani. Ndiyo maana meneja alikuwa analia kwamba mfumo unawatupa nje. Walikuwa wanatupana wenyewe, pasipo kujua.

Sasa weka picha hii. Karani wa mizani ameandika stakabadhi nusu: jina la mkulima, kilo. Hajabonyeza kuhifadhi. Mtunza ghala naye anaingia kutoka kwake kwa jina la dada. Skrini ya mizani inazimika. Mtunza ghala anakuta fomu imejazwa, anadhani ni yake ya jana, anahifadhi ili aanze kazi yake. Kule mizani karani anatukana umeme, anaingia upya, mwenzake anatupwa nje, naye anaandika stakabadhi ile upya kutoka kwenye daftari. Kahawa ya mkulima mmoja imeingia mara mbili. Mizani ilipima mara moja.

Nilipozipanga stakabadhi kwa dakika zake, zilijitokeza. Mkulima yule yule, kilo zile zile, zimepishana dakika nne, dakika sita, dakika tatu. Zilikuwa tisa. Sita kati yake zilikuwa ndani ya zile siku 84. Kahawa ya magunia kumi na saba haikuwahi kupungua. Haikuwahi kuwepo.

Lakini kompyuta yenyewe isingemtetea dada. Hili nataka vijana wa tekinolojia mlisome mara mbili. Kumbukumbu za Windows zinaandika nani ameingia na saa ngapi, nami nilizifungua zote. Zote zilimtaja yeye. Kwa mujibu wa mashine, dada alikuwa mizani asubuhi ile ile aliyokuwa leba. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazikubali kumbukumbu za namna hii mahakamani, si maneno ya kijiweni tena. Kilichomtetea ni karatasi: kadi ya kliniki yenye tarehe, na daftari la mizani lenye mwandiko wa mtu mwingine. Mwandiko wa mkono ulijua kitu ambacho mfumo haukukijua.

Tulipokaa na kamati, mwenyekiti, mzee wa makamo ya baba yangu, alisikiliza kwa muda mrefu. "Shikamoo" yangu alikuwa ameijibu kwa ubaridi. Mwisho akasema, "Waitu, mwanangu, kwa hiyo huyu binti ametukanwa bure?" Sikujibu. Mtu wa rika langu hamjibu mzee swali kama hilo. Aliigeuza kadi ya kliniki, akaisoma tena, akaisukuma mezani taratibu kuelekea kwa dada kana kwamba inaweza kuvunjika.

Halafu likaja suala la kutengeneza, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Meneja alitaka suluhisho la haraka: tutengeneze jina moja la ofisi, liitwe Ofisi, wote walitumie, dada apumzike. Kuna hata mafundi ambao wangemshauri hivyo, au wangeifungua hifadhidata kwa lile jina kuu la msimamizi, waliweke ndani ya njia pamoja na neno lake la siri, na kila mtu apite bila kuulizwa. Inafanya kazi. Hakuna anayetupwa nje kwenye hifadhidata, hakuna IM002, chai inanyweka. Ila kahawa yote itakuwa imepokelewa na mtu anayeitwa Ofisi, ambaye hana kadi ya kliniki wala mwandiko.

Nilimwambia, kwa heshima, kwamba njia na jina ni vitu viwili. Njia iwe ya wote. Jina liwe la kila mtu. Barabara ya Murongo tunapita wote, lakini polisi akikusimamisha anaomba leseni yako, haombi ya barabara.

"Unatuongezea kazi," akasema meneja. Alikuwa anasema kweli. Tena nadhani aliona kitu kingine ambacho hakukitamka: kila mtu akiwa na jina lake, kila mtu atakuwa na lawama zake, yeye mwenyewe akiwemo.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja, nyingi yake nikisubiri umeme. Nikaingia kama msimamizi. Kitabu cha ODBC kwenye Windows za siku hizi viko viwili, kimoja cha programu za biti 32 na kingine cha biti 64, na aliyepanga majina ya folda alikuwa na utani: cha biti 64 kimo kwenye folda ya System32, na cha 32 kimo kwenye SysWOW64. Programu yetu ilikuwa ya zamani, ya biti 32, kwa hiyo ukiandika njia kwenye kitabu kingine utasubiri mpaka kahawa ya mwakani. Nikaandika njia kwenye ukurasa wa System DSN. Kisha nikaingia kwenye kibanja cha dada na kufuta ile ya zamani, maana njia mbili zikiwa na jina moja, Windows inaanza na ile ya mtu binafsi, na siku seva ikihamishwa, yeye peke yake angebaki anapelekwa mahali pasipo na mtu. Nikamfungulia kila mmoja jina lake kwenye mashine, nikawaweka wote kwenye kikundi kimoja, na kikundi ndicho nilichokipa ruhusa kwenye hifadhidata. Karani mpya akija msimu ujao anaongezwa kwenye kikundi, basi, hakuna anayehitaji kupanda gari kutoka Bukoba. Hifadhidata inaruhusu kikundi lakini inamwandika mtu. Picha ya kufungulia programu nikaiweka kwenye meza ya wote, C:\Users\Public\Desktop, isiwe tena ya mmoja.

Nchi yetu hii ina historia na mashine za hesabu. Kompyuta ya kwanza ililetwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha, kwa ajili ya hesabu za serikali, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Tulipokuwa chuoni tulikuwa tunaichekea marufuku ile, tukiona ni woga wa wazee. Siku ile Kyerwa sikuicheka sana. Mashine inayoandika jina la mtu mahali asipokuwepo inastahili kuogopwa kidogo.

Mchana tukajaribu. Karani wa mizani akaingia kwa jina lake, akaandika stakabadhi. Mtunza ghala akaingia kwa lake. Hakuna aliyetupwa. Kwenye orodha yakatokea majina mawili, halafu matatu. Mtunza ghala aliliangalia jina lake pale kwenye skrini kwa muda, akauliza kama linaonekana mpaka kwa mkaguzi. Nikamwambia ndiyo. Akavuta kiti karibu, akaanza kuhakiki kilo upya kwenye daftari, kwa kidole, mstari kwa mstari. Siku mbili zile sikuwa nimemwona akihakiki.

Kesho yake asubuhi, kabla sijapanda gari, kijana mmoja wa mizani alimfuata dada akamnong'oneza kwamba amesahau neno lake la siri, amsaidie la kwake, leo tu. Dada akamwambia aende kwa meneja.

Naye alikuwa na ombi kwangu. Aliuliza kama naweza kuingia kwenye ile mistari ya zamani, ya misimu ile miwili, nikalitoa jina lake. Uwezo nilikuwa nao, msimamizi wa mashine ana uwezo wa mambo mengi. Nikamweleza kwamba mistari ya zamani haiguswi. Zile tisa zilizorudiwa zitafutwa kwa utaratibu, kwa barua ya kamati, na sababu itaandikwa, lakini mengine yatabaki yalivyo. Nikigusa mimi leo, mwingine atagusa kesho kwa nia nyingine. Alinielewa, ingawa uso wake haukupenda.

Basi akaniomba nimchapie mistari yote ya zile siku 84. Ilitoka kurasa thelathini na moja, na wino wa printa ukafifia kwenye ile ya mwisho. Akazibana pamoja na nakala ya kadi ya kliniki, akaviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Aliniambia atazihifadhi ndani ya sanduku, chini ya nguo za mtoto.